Meza Mate

Karatasi moja ilikuwa na kazi mbili. Mbele, kwa mwandiko wa yaya, yaani dada yangu mkubwa, oda ya biashara: mapazia rangi ya maziwa, mashuka ya vitanda vikubwa, neti za mbu za duara, vyote vya kwenda kuuzwa kwenye kibanda chetu cha soko la Kenya. Nyuma, kwa kalamu nyekundu, mwanawe wa miaka 14 alikuwa ameandika oda yake, na haikuwa ya viatu. "Mama mudogo, ukifika Dubai panda treni moja ya ndani ya nyumba. Angalia muzuri. Ukirudi nitakuuliza nini njo inaifanya ikuwe ya nguvu."

Treni aliyoisema ndiyo hiyo vijana wanayoiita rola kosta. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumeizoea kwa jina la milima ya Kirusi, kwa sababu Warusi wa zamani walijenga miteremko ya mbao, wakaimwagia maji yagande, wakaserereka juu yake wakati wa baridi. Warusi wenyewe, kumbe, wanaiita milima ya Kimarekani. Kila mmoja anamsukumia mwenzake mzigo, kama sahani iliyovunjika jikoni.

Mtoto huyu hajawahi kuiona kwa macho. Mimi pia nimekulia Lubumbashi bila kuiona. Tuna zoo, tuna bembea, tuna kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba karibu na bomba refu la Gécamines, ambacho kila mgeni anakipiga picha. Yeye anazijua treni hizo kupitia simu, megabaiti zikiwepo, na anazikariri kama wenzake wanavyokariri wachezaji wa Mazembe.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza nje ya Kongo, ukiacha kuvuka Kasumbalesa kununua vitu upande wa Zambia, ambako hakuhesabiki. Ilikuwa Juni, katikati ya kipwa, majira yetu ya ukavu, asubuhi zile za Lubumbashi ambapo mama wa mikate anauza akiwa amejifunga vitenge viwili na koti la mume wake. Uwanja wa ndege wa Luano nilikaguliwa pasipoti, nikakaguliwa kadi ya manjano ya chanjo, nikakaguliwa tena pasipoti. Yaya, ambaye hii ilikuwa safari yake ya saba, alilala kabla ndege haijaacha ardhi.

Mimi sikulala. Tulipoanza kushuka kuelekea Addis Ababa, masikio yaliziba kama mtu ameyajaza bukari, ugali wetu. Nikamtikisa yaya. Bila kufungua macho akasema: "Meza mate."

Neno hilo si la yaya, ni la kambo.

Kambo, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alifanya kazi Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, tangu mgodi ukiwa wa Union Minière mpaka ukawa wa Gécamines. Kila zamu aliingia kwenye kizimba cha chuma pamoja na wenzake, wamebanana bega kwa bega, na kizimba kikateremshwa kwa kamba ya waya ndani ya kisima cha wima. Kisima kikubwa cha Kipushi kinapita mita 1,200 kwenda chini. Sisi watoto tulimwomba hadithi za sungura, yeye akatupa za kizimba, na nikizikumbuka sasa naona jambo ambalo wakati ule sikuliona: hakuwahi kututajia zile mita. Alianza na upepo. Unajua umeanza kushuka, alisema, kwa sababu upepo unatoka chini na kupanda ndani ya suruali. Kisha ukuta. Ukuta wa mwamba unapita karibu na pua yako lakini huuoni, unausikia: penye nafasi unanyamaza, penye boriti unafanya vuu, penye mlango wa ngazi nyingine unafungua mdomo na kupumua. Mtu aliyezoea alijua amefika wapi kwa masikio peke yake. Kulikuwa na kijana mgeni aliyefumba macho siku ya kwanza, wazee wakamcheka mpaka chini: humu, mwanangu, kufumba na kufumbua ni kitu kimoja.

Na katikati ya njia, meza mate, au masikio yatapasuka.

Mgodi ule ulisimama mwaka 1993, kambo akafa akiamini umesimama moja kwa moja. Umerudi kutoa zinki mwaka 2024. Angejua, angekwenda kusimama langoni kuwahesabu vijana.

Dubai nitaipitia haraka, kwa sababu tuliipitia haraka. Siku nne Deira, kutoka duka hadi duka, yaya akibonyeza mapazia kwa vidole viwili kama anayepima unga, akitaja bei kwa Kiarabu cha namba tu. Tulivuka mkono wa bahari kwa mashua ya abra, dirham moja kila mtu, na hiyo ndiyo starehe pekee aliyoiruhusu. Joto la mwezi ule sikuwa nalo hata katika mawazo. Kutoka dukani hadi kwenye teksi ni hatua ishirini, lakini unazihesabu. Ndipo nikaelewa kwa nini watu hawa wameingiza ndani ya nyumba kila kitu, mpaka theluji ya kutelezea. Wengine walifanya hivyo kwa kukimbia baridi: Edmonton, Kanada, ambako siku hizi Waafrika Mashariki na Wakongo wengi wanaishi, walifunga treni ya namna hii ndani ya jengo la maduka mwaka 1985. Seoul nao wakafungua bustani nzima ya michezo chini ya paa, Lotte World, mwaka 1989. Paa, kwa asili yake, ni mwavuli. Wengi hawakulijenga ili treni iwe nzuri zaidi.

Siku ya tano mizigo ilikuwa imeshakwenda kwa watu wa kago, na ndege yetu ilikuwa ya usiku. Nikatoa karatasi, upande wa nyuma.

Mtoto alikuwa ameorodhesha treni tatu na kukata mbili kwa msalaba. Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010: kilomita 240 kwa saa, inafika mwendo huo kwa sekunde zisizotimia tano, abiria wa mbele wanavaa miwani wasipofuliwe na vumbi. Msalaba. Velociraptor ya IMG Worlds of Adventure, Dubai, ya mwaka 2016: kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa sekunde 2.5. Msalaba. Pembeni alieleza hukumu yake: "Hizi zinadanganya. Zinaanzia ndani, kiisha zinatoka inje." Iliyobaki ilikuwa moja, The Storm, ndani ya Dubai Hills Mall, jengo lililofunguliwa mwaka 2022. Urefu wa reli mita 670. Kilele kama mita 50. Mwendo wa juu kabisa kilomita 77 kwa saa.

"Sabini na saba?" akasema yaya. "Dereva wa kwenda Likasi anakimbia zaidi, na hatulipishi kwa kutuogopesha."

Sikuwa na jibu. Lakini teksi ilikuwa imeshasimama.

Ndani ya jengo baridi ilinipiga kifuani mpaka nikakumbuka nyumbani. Tulipita maduka ambayo yaya alikataa hata kuyatazama bei, na kabla sijaona chochote nikasikia: kelele za watu zinazokuja, zinakatika, kisha ngurumo inayokimbia ukutani. Kikundi cha wasichana mbele yetu walishikana mikono. Yaya akatangaza kwamba yeye ni mama wa watoto watano na atakaa na mikoba.

"Shika hii muzuri," nikamwambia, "feza yote iko ndani."

Kijana wa zamu, mwenye sare, akageuka kama aliyeitwa kwa jina. "Kumbe mwasema Kiswahili! Mwatoka wapi, dada?"

"Kenya."

Uso wake ukafunguka wote. "Kenya wapi? Mimi mtu wa Likoni!"

"Komini Kenya. Lubumbashi."

Alicheka akaegemea nguzo. Hakujua kuwa na sisi tuna Kenya yetu, yenye soko lake na wanene wake, na nadhani mpaka leo anawahadithia wenzake. Kwa ajili ya Kenya hizo mbili akanipa maelezo ambayo wengine hawakupewa. Alibonyeza chuma cha mapajani mara moja, mwenzake akapita akakibonyeza tena. "Lakini sisi ni nyongeza tu, dada. Chuma kimoja kikiwa hakijakaa sawa, kompyuta yakataa, gari haliondoki. Na la mbele likiwa halijatoka kwenye kipande chake cha reli, hili pia haliondoki."

"Kama Njanja," nikasema. Njanja kwetu ni shirika la reli. Kwenye reli ya kawaida pia ndiyo sheria: kipande kimoja, treni moja.

"Basi umeshaijua. Kichwa nyuma, usikitoe."

Gari likatoka taratibu, likaingia gizani. Na hapa sina budi kusema ukweli, kwa sababu bila huo habari yote haina maana: nilifumba macho. Mtu mzima, mfanyabiashara, nilifumba kama yule kijana wa Kipushi.

Mbele ya gari ilianza kuinuka. Mgongo ukalala, magoti yakawa juu ya kifua, damu ikahamia kisogoni. Tukawa tunatazama mbinguni, wanaotazama. Ukimya kidogo. Halafu kitu kikatusukuma kutoka chini, moja kwa moja juu, na shavu langu likavutwa kuelekea sikio. Treni nyingi ulimwenguni zinakupandisha kilima kwa mnyororo, taka-taka-taka, ukipata muda wa kusali na kujuta. Hii inakurusha wima, na kwa mrusho huo wa wima ndiyo imeingia kwenye vitabu vya Guinness. Kwangu ilikuwa kizimba cha kambo kilichokosea njia na kwenda juu.

Kileleni uzito ukanitoka. Tumbo likabaki hewani peke yake, sekunde moja, pengine chini ya hapo. Kisha tukaanguka na kuanza kukunjwa huku na huku, na ndipo nikausikia ukuta.

Vuu. Ukimya. Vuu, vuu. Sauti ilikuja karibu na sikio la kushoto, ikakatika, ikatokea juu ya utosi, nikajikunja shingo kukwepa boriti ambayo pengine ilikuwa mbali mita mbili. Penye uwazi kelele zetu zilikwenda zikapotea. Penye wembamba zilirudi usoni. Upepo haukuwa ule wa dirisha la basi, unaotoka mbele tu. Uligonga ukuta ukarudi ubavuni. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele kwa lugha nne. Mimi nilikuwa namsikiliza marehemu. Nikameza mate, na masikio yakazibuka, na nikajikuta nacheka kwa nguvu kama mwehu.

Gari lilipofika mwisho lilishikwa laini, bila kulia, bila kunuka. Yule kijana wa Likoni akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia sijaona kitu. Akadhani nalalamika.

Nikanunua tiketi ya pili. Yaya alizigeuza fedha mkononi, akahesabu kwa sauti ni faida ya mashuka mangapi, kisha akanipa.

Safari ya pili nilikodoa macho kama bundi, kwa sababu nilikuwa na kazi ya mtoto. Na nisiwe mwongo: ilinifurahisha, lakini haikuwa ile. Palipokuwa na mwanga niliona reli inakwenda wapi, na mwili ukajipanga kabla ya kona, ukaegemea upande wake kama abiria wa pikipiki mwenye uzoefu. Palipokuwa na giza, mwili haukujua la kufanya, na hapo ndipo palikuwa na utamu. Jina la tufani nalo wamelichagua vizuri. Ukimweka mtu ndani ya hadithi ya katuni lazima umwonyeshe sura. Tufani haina sura, ina upepo na giza na radi, na vyote vitatu nyumba inaweza kuvitoa.

Nje nikakaa na yaya, tukanywa chai ya bei mbaya, nikaandika jibu chini ya wino mwekundu. Niliandika hivi: paa linaikata treni miguu. Haliwezi kuiacha iende juu kupita kiasi wala mbio kupita kiasi, kwa hiyo fundi anayeshindana na wale wa nje kwa kilomita ameshindwa kabla hajaanza. Anachoweza ni kuzitumia kuta. Aziweke karibu. Afiche kona. Aache masikio yafanye kazi ya macho, kwa kuwa masikio ni waoga zaidi.

Sikujua kwamba mfano mkubwa wa jambo hilo ulikuwepo tangu kabla sijazaliwa. Space Mountain ya Walt Disney World, Florida, ilifunguliwa Januari 1975, imefunikwa kabisa na ndani ni giza, na mwendo wake hauzidi kilomita 45 kwa saa. Arobaini na tano! Taksi-basi ya Katuba inakwenda hivyo ikiwa na mbuzi juu. Lakini watu wanatoka mle wakiapa kwamba walikuwa wanakimbia kama risasi. Giza limewaongezea zile kilomita nyingine, bure.

Hayo nilielezwa na mtoto. Tulifika Lubumbashi mchana, na jioni, kabla bukari haijaiva, alikuwa ameshaniweka kwenye kiti cha plastiki kwa mahojiano. Nilimpa karatasi. Aliisoma akitikisa kichwa polepole kama mwalimu anayekuta majibu sahihi asiyoyategemea. Kisha akanilipa kwa habari zake, na mojawapo ningependa asingeniambia: Juni 1986, ile treni ya Edmonton ilipoteza magurudumu ya behewa la nyuma kwa sababu ya bolti zilizolegea, watu watatu wakafa. Ndiyo maana, alisema, mtu asihesabu vyuma vya mapajani tu, ahesabu na magurudumu: kuna yanayokaa juu ya reli, kuna ya ubavuni, kuna yanayoshika reli kwa chini ili gari lisiruke.

Lakini habari aliyoifurahia mwenyewe ilikuwa ya nyumbu. Mama wa treni zote hizi, akasema, ni reli ya mgodi. Mwaka 1827 huko Mauch Chunk, Pennsylvania, walijenga reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mlimani. Mabehewa yalishuka yenyewe kwa uzito wake, na nyumbu walipandishwa garini wakashuka nayo, ili wayavute yakiwa matupu kurudi juu. Nyumbu ndio abiria wa kwanza. Baadaye watu wakaanza kulipa ili washushwe, kwa raha tu, na makaa yalipopata njia nyingine reli ikabaki ya watalii. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akajenga yake Coney Island, New York, senti tano kwa mtu, mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa.

"Kwa hiyo kambo," nikasema.

"Kambo alipanda kila siku," akasema. "Na walimulipa yeye."

Yaya, aliyekuwa akikoroga sufuria, akasimamisha mwiko, akatutazama wote wawili, akaendelea kukoroga.

Nikamuuliza kuhusu breki, ule ushikaji laini usio na mlio. Alikuwa analingoja swali hilo. Treni nyingi za kisasa, akasema, hazibanwi na kitu. Bapa la shaba, au la aluminiamu, linapita katikati ya sumaku bila kuzigusa. Umeme unazaliwa ndani ya bapa lenyewe na kuupinga mwendo uliouzaa. Ukija mbio unashikwa sana, ukija polepole unashikwa kidogo. Haihitaji waya, haihitaji kuwashwa.

"Shaba," nikasema.

"Shaba. Hata kuriya ikiisha katika muji muzima, ile inashika."

Na kuriya, yaani umeme, kama iliyosikia inatajwa, ikaisha. Kwanza redio ya jirani, kisha taa ya barabarani, kisha yetu. Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja. Yaya akaanza kutafuta mishumaa akiilaumu droo.

"Usiwashe kwanza," nikamwambia.

Nikamwambia mtoto asimame, nikakigeuza kiti cha plastiki, nikamketisha, nikakishika kwa nyuma na kukilaza mpaka miguu yake ikawa juu na uso wake ukatazama mabati. Kwetu mabati yako karibu. Ukinyoosha mkono unayagusa. Nje mbwa wawili walikuwa wanabishana, kisha wakanyamaza. Nilimsikia anapumua kwa mdomo.

"Uko unaona nini?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi meza mate," nikasema, na nikaanza kukivuta kiti.